Mwaka wa Kugonga Kadi

Mpwa wake ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, kijana mnene aliyevaa koti lililombana mabegani, na aliusoma kama mtu anayetangaza ratiba ya treni. Paulo Kasanda alizaliwa Usinge, akabatizwa Usinge, akaoa Usinge, na katikati ya hayo yote "alifanya kazi ya ukarani mjini Tabora kwa mwaka mmoja, kisha akaacha kwa hiari yake mwenyewe, akarudi nyumbani kurina asali." Nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na kina mama, miguu imekufa ganzi, vumbi la safari bado limo masikioni, nikaguna. Mama aliyekaa jirani yangu akanigeukia. "Vipi, bibi? Nikuletee maji?" Nikamwambia ni kikohozi tu. Kwa hiari yake! Barua ya kumwachisha kazi niliipiga taipu mimi mwenyewe, nakala tatu, kwa vidole hivi hivi ambavyo leo haviwezi hata kufunga vifungo vya gauni, na neno hiari halikuwamo. Siwalaumu wanawe, maana ni yeye aliyewaambia hivyo. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa mahali popote tangu azaliwe, angeanzaje kuwaeleza watoto wake kwamba alifukuzwa kazi kwa kuchelewa?

Mimi nilikuwapo, na kwa kuwa wenzangu wote wa ofisi ile wamekwisha kufa, hakuna wa kunibishia. Ilikuwa zamani za Mwingereza, bendera yake bado inapepea bomani na sisi bado tunaita kila kitu kipya kutoka Ulaya maendeleo. Kampuni ilinunua nta na asali kutoka misitu yote ya magharibi, na jina lake silitaji, halistahili wino wangu. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa Kiarabu, kando ya barabara waliyopita watu wa misafara, kuta nene, mlango mmoja tu wa mninga uliofungukia kwenye kibaraza. Ndani mlinuka nta kiasi kwamba hata mkate niliobeba kutoka nyumbani Itetemia ulikuwa na ladha ya mshumaa ikifika saa nne. Tulikuwa makarani kumi. Tisa wanaume, wa kumi mimi, Anastasia, mpiga taipu niliyefundishwa na masista, mdogo kuliko wote. Mkuu wetu alikuwa Mzee Rajabu wa mtaa wa Chemchem, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, ambaye alijua kwa kichwa kila mrina asali kutoka Usinge hadi mtoni Ugalla, na mkwewe, na ugomvi wake na nani. Kabla ya mwaka ule kazi ilikwenda hivi: nta ikija, tulifanya kazi mpaka iishe, hata jua lizame. Isipokuja, watu walikwenda msibani, walikwenda shambani, walikaa kibarazani wakibishana. Barua ilianza na kuishia kwa karani mmoja. Aliisoma, akaijibu, akaitia faili, na mwenye barua akija alijua amwulize nani. Ofisi haikuwa peponi, msinielewe vibaya. Palikuwa na wavivu wawili ambao hata sasa nikiwakumbuka nasonya. Lakini wavivu wenyewe tuliwajua, na wao walijua kuwa tunawajua, na hilo liliwatosha kuwashika adabu nusu ya wiki.

Ndipo akaja meneja mpya, Mzungu mwenye shingo nyekundu, ambaye ndani ya wiki moja watu walishampa jina la Bwana Dakika. Alikuja na masanduku matatu. La kwanza lilikuwa na mashine ya kudurufu karatasi, la pili makabati ya chuma, na la tatu, alilolifungua mwenyewe kwa mikono yake huku ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, lilikuwa na saa ya kadi. Mtu aliyeoa mke mzuri hamtazami kwa macho ambayo Bwana Dakika aliitazamia saa ile. Akaipigilia ukutani ndani tu ya mlango. Kila karani alipewa kadi yenye jina lake. Unaingiza kadi kwenye mdomo wa mashine, unabonyeza mkono wake, inalia kengele, na muda unachapwa. Ukiwahi, wino mweusi. Ikipita saa moja na nusu, mashine yenyewe inageuza utepe na kuchapa wino mwekundu. "Mashine haina rafiki," alitwambia Bwana Dakika kwa Kiswahili chake cha kununua dukani. "Mashine haisemi uongo." Yeye mwenyewe hakuwa na kadi. Alikuwa akifika saa mbili na nusu, ameshiba, akazikusanya zetu na kuzisoma mezani kwake kama padri anayesoma sala zake. Dirisha lake lilitazama kibaraza moja kwa moja. Laiti angefika mapema siku moja tu, akavuta pazia, angeona kwa macho yake mawili jambo ambalo saa yake isingeweza kumwambia hata ingelia kengele mpaka ipasuke.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile ya kwanza Bwana Dakika alituita wote tukasimama mbele ya ukuta, akauliza nani ataanza. Wote tulimtazama Mzee Rajabu. Mzee akatengeneza kofia yake, akaenda, akagonga. Kisha akafuata aliyemfuata kwa umri, na anayemfuata huyo, mpaka tukafika sisi vijana wawili, Paulo na mimi. Basi ikawa ndiyo sheria, na hakuna aliyeitunga. Kesho yake nilifika kibarazani saa moja kamili, maana kutoka Itetemia nilikuwa natembea kwa miguu na mama yangu alikuwa na hofu ya Wazungu kuliko hofu ya simba. Nikamkuta Paulo amekaa kwenye ngazi. "Mwangaluka, Ana," akaniamkia kwa Kinyamwezi, kwa kunitania, kwa sababu masista walitukataza kukitumia. Mlango ulikuwa wazi, mtumishi ameshafagia, saa inatikisa mshale wake pale ndani. Nikamwuliza mbona hajagonga. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza mbona hajavua nguo. "Nigonge kabla ya Mzee? Nitamtanguliaje mtu ambaye dakika ile ile nitamwamkia shikamoo?" Nikakaa. Wakaja wengine mmoja mmoja, kila mmoja akatazama ndani, akaona kadi ya Mzee bado ipo kwenye kisanduku chake, akakaa. Mzee Rajabu alitokea kona ya barabara zikiwa zimebaki dakika mbili, bila haraka, mkononi fimbo yake. Tukasimama wote. Shikamoo mzee, marahaba, mmelalaje, hujambo wewe, mguu wa baba yako unaendeleaje. Akatafuta miwani, akaipata, akaifuta, akagonga. Halafu wazee wengine, kila mmoja na kicheko chake na kikohozi chake. Ilipofika zamu ya wawili wa mwisho mashine ilikuwa imeshageuza utepe. Tuliokuwa wa kwanza kufika tulichapwa wekundu, na aliyekuwa wa mwisho kufika alikuwa na kadi safi kuliko wote.

Leo nikiwasimulia wajukuu, wananicheka. "Bibi, si mngegonga tu!" Ndiyo, tungegonga tu. Ni rahisi sana kusema ukiwa umelala kwenye kochi. Lakini Paulo alikuwa amepanga chumba nyumbani kwa Mzee Rajabu, alikuwa anakula kwake, na mchana wa Jumamosi na mimi nilikuwa nakaribishwa. Tulikula ndani, wanawake upande wa uani, wanaume upande wa baraza, pazia tu limetutenga, kwa hiyo nilisikia yote. Wali wa Tabora, maharage yenye samli, na baadaye matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, yaliyochemshwa na karanga ambayo Paulo alitumiwa kutoka kwao. Siku moja, saa ile ina wiki ya tatu, Paulo alijaribu. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mzee, ile mashine, sisi wa mwisho inatuchapa wekundu." Mzee Rajabu akatafuna, akameza. "Babu yangu alikuwa kirangozi," akasema. "Aliongoza msafara kutoka hapa mpaka pwani, watu mia tatu na mizigo yao, na hakuna mpagazi aliyepita mbele yake. Aliyempita alitozwa faini. Na walifika." Paulo akasema, "Ndiyo, mzee." "Basi mwekundu, mweusi, huo ni wino. Kula, mwanangu." Wazee wenzake wakacheka, na hadithi ya msafara ikaendelea mpaka Bagamoyo. Miaka mingi niliamini kwamba Mzee hakuelewa. Upuuzi. Mtu aliyeweza kukuambia uzito wa gunia la nta kwa kulitazama tu, asielewe kadi? Alielewa vizuri sana. Aliishi nyumba moja na Paulo, alimsikia akifungua komeo kila asubuhi yeye mwenyewe akiwa bado anakunywa uji. Kadi ile safi ilimpendeza, basi. Maisha yake yote alikuwa mkubwa kwa sababu watu walimheshimu, na sasa kilikuwapo chombo cha Kizungu kilichochapa heshima hiyo kwa wino kila siku. Alizitia kadi zake za zamani kwenye kasha la nguo, mkewe ndiye aliyenionyesha.

Na kazi yenyewe? Ikagawanywa vipande. Mmoja alifungua barua, mwingine aligonga muhuri, mwingine aliandika namba, Paulo alitia kwenye kabati la chuma, mimi nilipiga majibu ambayo sikujua yanajibu nini. Meza zetu zikageuzwa zikatazama ukuta. Chai ikawa dakika kumi kwa kengele. Mrina asali akija kutoka Usinge kuuliza habari za nta yake, alipewa kipande cha karatasi iliyodurufiwa chenye nafasi ya kujaza jina, na hakuna mtu hata mmoja katika watu kumi aliyeweza kumjibu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kipande chake tu. Watu wazima waliosafiri siku nne kwa miguu walirudi na kikaratasi. Wale wavivu wetu wawili wakanawiri, Mungu shahidi. Walikuwa wa umri wa kati, kwa hiyo waligonga kwa wino mweusi, halafu wakakaa mbele ya ukuta siku nzima wakinoa penseli. Mwisho wa mwezi Bwana Dakika aliwapongeza kwa kuwahi. Mmoja wao alilia kwa furaha, loo, nikatamani kumpiga na rula.

Mimi nililia mara moja, kwa sababu nyingine. Ilikuwa mwezi wa pili, nikaona kadi yangu ina wekundu kutoka juu mpaka chini, nikafikiria jinsi nitakavyomweleza mama. Paulo akaniona. Asubuhi iliyofuata, zamu yetu ilipofika, alirudi nyuma hatua moja na kunipisha. "Tangulia, Ana." Umri wake ulizidi wangu kwa miaka mitatu, nafasi ilikuwa yake, lakini akaniachia, na kwa zile sekunde chache nikaanza kupata mweusi siku tatu kwa wiki, mara nne. Yeye akawa wa kumi, na wa kumi hakupata mweusi hata siku moja. Nilimshukuru? Nilimshukuru siku mbili za kwanza. Baada ya hapo ikawa kawaida yangu, kama mtu anavyozoea kiti.

Kiangazi kikaingia, na akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mkubwa wa kampuni. Waliniita niandike wanayosema, kisha wakasahau kwamba nipo. Ndivyo walivyokuwa, walizungumza mbele yangu kwa Kiingereza kile kile ambacho waliniajiri kwa sababu nakijua. Mgeni alisema mashine zimerahisisha kazi, karani mmoja amezidi. Bwana Dakika akasema hilo ni dogo, hana haja ya kumwuliza mtu yeyote, kadi zitaamua. Akazitandaza mezani kama mtu anayecheza karata. "Ni hawa wawili wa chini," akasema. "Yule kijana wa mafaili au huyu msichana. Nitawapa mpaka mwisho wa mwezi, mwenye wekundu mwingi ataondoka." Huyu msichana alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake, na penseli mkononi.

Zilibaki siku kumi na saba za kazi. Sikumwambia Paulo. Kila asubuhi nilikaa naye kwenye ngazi, akanihadithia jinsi baba yake anavyopandisha mizinga mitini, akanimegea tobolwa kutoka mfukoni, tukasubiri pamoja, tukasimama pamoja, tukaamkia pamoja. Kila asubuhi akasema, "Tangulia, Ana." Na mimi, niliyejua mashine ile inahesabu nini, nikatangulia. Siku nyingine nilikaza mwendo ili nisipitwe na utepe. Nimewadharau watu wengi katika kurasa hizi na nitaendelea kuwadharau, lakini yule msichana anayekaza mwendo kuelekea ukutani huku kijana aliyempisha amesimama nyuma yake na tabasamu la kijinga, huyo nampa nafasi ya kwanza.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi Bwana Dakika akaniimlia barua. Sababu ya kuachishwa kazi: kuchelewa kusikorekebishika. Niliipiga bila kosa hata moja. Mchana Paulo akaniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Jumamosi asubuhi akaitwa. Kuta zile zilikuwa nene lakini mlango uliachwa wazi, na kwa mara ya kwanza tulimsikia Paulo akipaza sauti. "Mimi nachelewa? Bwana, mimi nafika saa moja kamili! Kabla ya wote! Mwulize Anastasia, tunakaa wote pale kwenye ngazi kila siku. Mwulize!" Mtu mmoja akakohoa. Bwana Dakika akamwita kwanza Mzee Rajabu, na mimi nikaambiwa nije vilevile.

Tukasimama mbele ya meza, Mzee katikati, Paulo upande mmoja, mimi upande mwingine. Kadi kumi zilikuwa zimepangwa mezani. Paulo hakuwa na hofu hata kidogo, nakumbuka uso wake, alikuwa na utulivu wa mtu aliyeita shahidi. Bwana Dakika akauliza, "Rajabu, nani anafika wa kwanza hapa?" Mzee akatazama kadi za mezani, si watu. "Mimi ndiye wa kwanza kugonga, bwana." Ilikuwa kweli. Kisha Bwana Dakika akanigeukia mimi. "Na wewe, Anastasia. Huyu anasema mnakaa wote kwenye ngazi kutoka saa moja. Ni kweli?"

Dirisha lilikuwa nyuma yake. Kupitia dirisha lile niliziona ngazi, na juu yake ganda la karanga tulizokula asubuhi ile. Nilijua nikisema ndiyo, saa ni ya uongo, Mzee ni wa uongo, na kadi zikitupwa, karani aliyezidi bado atatafutwa, na katika wawili wa chini nani atabaki, mwanamume wa mafaili au msichana? Nilijua pia kwamba kama ni mimi niliyeita shahidi na Paulo anayejibu, angejibu ndiyo kabla swali halijaisha.

"Bwana," nikasema, "mimi nafika saa ile inayosemwa na kadi yangu."

Bwana Dakika akafurahi. Akagonga meza kwa kidole, akasema hilo ndilo jibu la mfanyakazi wa kisasa. Paulo alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya, Ana." Akachukua barua yake, akamwinamia Mzee Rajabu kwa adabu ile ile ya kila siku, akatoka. Mchana ule ule alifungasha chumbani kwake Chemchem, na sikwenda kumuaga. Mzee alinikuta nakusanya karatasi za kaboni, akasimama kidogo karibu na meza yangu, akasema, "Umejibu kwa adabu, mwanangu." Nikamwitikia, "Ahsante, mzee."

Jumatatu nilikaa kwenye ngazi peke yangu mpaka wenzangu wakaanza kuja. Mzee alitokea konani kwa wakati wake wa siku zote, tukasimama, tukamwamkia, akatafuta miwani, akagonga. Wakafuata wote kwa umri wao. Mimi nilikuwa wa tisa na wa mwisho, nikabonyeza mkono wa mashine, kengele ikalia, wino ukatoka mweusi. Tukiwa tisa tuliwahi wote. Saa mbili na nusu Bwana Dakika akaja, akakusanya kadi, akazigeuza moja moja, kisha akatuita tukasimama mbele ya ukuta. Alikuwa na machozi machoni. Akasema tangu saa ile ifungwe hii ni siku ya kwanza bila wekundu hata mmoja, hatimaye mashine imetufundisha nidhamu, na akatuomba tujipigie makofi. Mzee Rajabu akaanza, wazee wakamfuata kwa zamu, na ilipofika zamu yangu nikapiga.